Mulinzi wa Kimya

Léopoldville, tarehe 3 Machi 1957

Emérence mudogo wangu,

Soma barua hii kwa sauti, Papa na Mama wasikie, kiisha uifiche mbele jirani yetu Maman Rosalie hajaomba kuishika mu mikono.

Wamekubali. Maison moja ya disque, sahani za muziki, ya Bruxelles itatuma muzungu na machine yake mpaka kwetu Kadutu, mu salle ya paroisse, mwezi wa saba, wakati mvua haipige mabati. Tutarekodi symphonies mbili za mutungaji wa zamani wa Vienne, na orchestre yangu mwenyewe, ile uliyoiona inaanza na violons tatu na clarinette ya Sergent Philémon. Juu ya contrat wameandika: Adalbert, chef d'orchestre. Niliisoma mpaka karatasi ikalegea.

Padri anayenifundisha hapa hakunipamba. Alisema: "Huu ni mulango moja tu. Disque ikitoka safi, watakupa bourse ya conservatoire, feza ya kusomea muziki. Ikitoka chafu, utaongoza cantiques za kanisa mpaka meno yatoke." Basi unajua kile ninachoogopa.

Papa iko namna gani? Mwambie ninaomba anitengenezee estrade ya mbao ya kusimama juu nikiongoza. Ile ya paroisse inalia kama bata.

Yaya yako,
Adalbert


Bukavu, tarehe 21 Machi 1957

Yaya,

Nilisoma kwa sauti. Mama alipiga vigelegele na kuku wa jirani wakakimbia. Papa alitoka inje, na nyuma kidogo tukasikia randa yake. Amechagua mbao ya libuyu, ile alikuwa anaweka ya kufanyia kabati ya père supérieur. Anasema kabati itangoja, kwani nguo zina haraka gani.

Yaya, wewe unajuaka vile niko. Masœurs wanasema français yangu ni nzuri kwenye karatasi, lakini kwa mudomo hakuna kitu. Wakiniuliza mu classe, ninatazama viatu vyangu. Kwa wewe ninaandika mpaka ukurasa unaisha. Sijui sababu gani. Labda karatasi haina macho.

Maman Rosalie alikuja kuuliza kama symphonie ni kitu cha kukula. Papa akamwambia: "Ni kitu cha kunyamazia." Akajibu: "Basi si cha bwana yangu."

Papa iko muzima. Anakohoa kidogo juu ya vumbi ya mbao, ni ile tu.

Mudogo wako,
Emérence


Léopoldville, tarehe 2 Juni 1957

Emérence,

Nitafika na orchestre itafanya répétition, mazoezi, wiki mbili. Sasa sikia kazi yako.

Muzungu wa machine, Monsieur Lucien, ameandika kama micro zake zinasikia hata mutu anayekuna kichwa. Salle yetu iko na nyumba yetu nyuma yake na ya Maman Rosalie pembeni. Siku ile hakuna mutu wa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuna kuku, hakuna mutoto, hakuna mutu wa kuitana kwa sauti. Monsieur Lucien iko na siku moja tu, kesho yake ndege inamungoja Kamembe na hataregea.

Ninataka wewe ukae inje, uwe mulinzi. Ukinyosha mukono juu, watu wote wa parcelles, wa viwanja vya jirani, wanyamaze. Nimefikiri wengine, lakini wote wanapenda kusema. Wewe kimya unakijua kuliko sisi.

Kuko fasi moja ya kuogopa kupita zote. Mu symphonie ya pili, kwenye sehemu ya polepole, violons zinashuka, zinashuka, kiisha mutungaji hakuandika noti. Aliandika kimya. Mapigo ine, mikono yangu iko juu, hakuna anayepumua, kiisha violons zinaingia tena. Kitu kikianguka pale, bande yote, ule utepe wa machine, imeharibika, hatuna ingine.

Nimekupa kimya changu mu mikono.

Adalbert


Bruxelles, tarehe 9 Agosti 1957

Emérence,

Nilifika. Watu hapa wanasema ni wakati wa joto, lakini mimi ninavaa veste ya Papa hata mu nyumba. Mikono yake ni mifupi kwangu. Nikiongoza, mifupa inatoka inje kama ya mutoto aliyekua bila kuambiwa.

Ninaomba unisamehe juu ya kuondoka siku ya pili, matanga ya Papa ingali, wanawake wangali chini kwenye mikeka. Bandes zilikuwa zinaondoka na Monsieur Lucien. Bila mimi wangezikata vile wanataka. Mama hakunipa mukono.

Ningalijua saa ileile, ningaliweka baguette yangu ya kuongoza chini. Lakini niliambiwa nyuma tu, wakati symphonie ilikwisha na Philémon akanishika bega. Mwambie Mama hivyo. Mwambie sikujua.

Monsieur Lucien anafurahi na bandes. Anasema kuko "accident" moja tu, kwenye kimya cha symphonie ya pili. Tutatazama.

Ulinde Mama.

Adalbert


Bukavu, tarehe 25 Agosti 1957

Yaya,

Unaandika "accident". Acha nikuambie jina yake.

Papa alikuwa anatapika damu tangu Pasaka. Yeye mwenyewe alinikataza kukuandikia. Alisema: "Huyu mutoto akijua, ataacha contrat na kuja kunishika mukono. Mukono wangu una kazi gani tena?" Wakati wewe ulifika, alivaa shati, alikaa kwenye kiti, akakudanganya na kiti. Wewe ulikuwa unatazama partition tu, karatasi zako za noti.

Asubuhi ile aliomba tufungue dirisha upande wa salle. Mimi nilikuwa inje, mukono juu, na kila mutu alinitii, Yaya. Hata Maman Rosalie. Alikaa na muchi wake juu ya magoti kama mutoto mugonjwa, akanisemea polepole: "Watoto wangu wakilala njaa, utawapikia ile symphonie."

Symphonie ya kwanza ilipita. Papa aliniita dirishani. "Estrade haisikiki," alisema. Niliona vile anafurahi. Alisikiliza muziki yote ile ili asisikie mbao yake.

Kiisha ya pili, ile sehemu ya polepole. Papa alivuta pumzi na hakuiregesha.

Mama alimutazama. Alifungua kinywa. Na mimi, pale dirishani, mukono wangu ulikwenda juu, vile ulikuwa unakwenda tangu asubuhi. Mama aliuona ule mukono. Aliuma kikwembe chake. Yaya, unajua desturi yetu. Mutu akikata roho, kilio kinatoka saa ileile. Majirani wanajua, na yeye mwenyewe anajua kama amekwenda. Mama aliuma kikwembe na machozi yanashuka mpaka kwenye shati ya Papa, na violons zako zilikuwa zinashuka nazo. Kiisha kimya chako kikafika, na Mama akashindwa.

Kilio kilitoka kipande tu. Niliruka dirisha na nikamuwekea kiganja kwenye kinywa. Nilisikia meno yake. Nilikuwa ninahesabu mu kichwa mapigo yako ine, nikapoteza hesabu, na nyuma yake violons zikaingia. Nilisema mu moyo: asante Nyamuzinda, Mungu wetu, Yaya hakusikia.

Mukono bado una harufu ya kikwembe chake. Ninaosha, haitoke.

Nyuma ya matanga Mama alikwenda kukaa kwa ndugu zake Nyantende. Hasemi na mimi. Wakati wa kuondoka alimwambia Maman Rosalie, mbele yangu: "Huyu mutoto nilimuzaa hana sauti. Sikujua kama anangoja kuchukua yangu." Mu parcelles wanatuita watu wa disque. Juzi kwenye bomba ya maji, mwanamuke moja alisema: "Hawa hata maiti wanamuwekea micro."

Jumapili nilikwenda Nyantende kwa miguu. Mama alinipa chakula na kutazama ukuta. Nikamwambia, juu sikuwa na kitu kingine cha kumuletea: "Mama, kilio chako kiko kwenye bande." Aligeuka. "Iko mule?" "Iko mule, Yaya ameandika." Alikaa chini. Akasema: "Basi kama iko mule, baba yenu Apollinaire hakuibwa. Wakiache pale pale. Siku ile disque itafika, nitashuka Bukavu niisikie, na siku ile nitakula na wewe."

Yaya, usiache wakate. Ni kipande tu. Sijakuombaka kitu.

Emérence


Bruxelles, tarehe 12 Septemba 1957

Emérence,

Nimesema na Monsieur Lucien. Kitabaki. Mwambie Mama.

Nina kazi mingi, nitaandika zaidi nyuma.

Adalbert


Bukavu, tarehe 4 Oktoba 1957

Yaya,

Nilikwenda Nyantende siku ileile barua ilifika, hata sikuvua uniforme. Mama alinipokea mulangoni. Hakunishika, lakini alisogea ili nipite. Alinituma kuteka maji, kiisha akanifokea juu ya kuchelewa. Nililia njiani na mutungi. Ni miezi mbili hakunifokea.

Ameshaambia ndugu za Papa wote. Wanauliza disque itakuja na bateau ama na ndege.

Asante, Yaya. Asante sana.

Emérence


Bukavu, tarehe 10 Desemba 1957

Yaya,

Gazeti ya Bruxelles imefika mbele ya disque. Père wa paroisse aliipeleka kwa masœurs, na masœurs wakanisimamisha mbele ya classe niisome, juu ni yaya yangu. Mimi.

Wanakusifu. Nilisoma kama wewe ni kijana wa ajabu, kama orchestre ina makosa yake lakini ina moyo. Kiisha nikafika hapa, na ninakuandikia vile inasema: chef huyu mweusi anathubutu kile ambacho mabwana wakubwa wanaogopa, mu symphonie ya pili anashika kimya kirefu kupita ile iliyoandikwa, kimya kitupu, safi kama maji ya kisima.

Masœur akasema: "Plus fort, Emérence," ni kusema niongeze sauti. Nikasoma tena. Kitupu.

Yaya, sababu gani gazeti inasema kimya? Haisemi kilio. Labda huyu mutu alikuwa anakohoa pale. Labda hana masikio mazuri. Niandikie upesi, juu Mama ameshafua kikwembe cha kuvaa siku ile, na mimi ninamwambia kila Jumapili kama iko mule.

Emérence


Bukavu, tarehe 2 Februari 1958

Yaya,

Hukujibu, basi disque ilijibu.

Ilifika Alhamisi. Jana père alileta phonographe yake mu salle. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha, hata wale wa bomba walikuja. Philémon alivaa médailles zake. Phonographe waliiweka juu ya estrade ya Papa, kwani hakukuwa meza ya kutosha.

Mama alitoka Nyantende alfajiri, yeye na dada za Papa. Alibeba kapo: bugali, sombe, na samaki wa ziwa amefungwa mu majani. Akaiweka katikati ya miguu yangu na yake. Akaniambia: "Uiangalie, isipoe." Njo maneno ya kwanza ameniambia kwa upole tangu mwezi wa saba. Niliifunika na foulard yangu ya kichwa.

Upande wa kwanza ulipita. Watu walisikiliza kama kwenye misa. Maman Rosalie alisema: "Kumbe ni ile nilinyimia watoto sombe," na watu wakacheka, hata Mama akacheka. Père aligeuza. Violons zilianza kushuka. Mama alinishika mukono, ule mukono, akaufinya.

Kiisha kimya.

Yaya, hakuna kitu mule. Hata mukwaruzo. Kiko safi, vile gazeti ilisema.

Mama alitazama phonographe. Alinitazama mimi. Aliachilia mukono wangu. Kiisha alisimama, akaweka mikono kwenye kichwa, akalia. Si kipande. Kilio chote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na jina ya Papa ndani, kile ambacho nilikizuia. Hakuna mutu aliyemunyamazisha. Père alisogea kuzima machine na Philémon akamushika mukono.

Na wakati Mama alimaliza, wakati pumzi yake ya mwisho ilikwisha kabisa, njo violons ziliingia.

Kilio kilienea sawasawa mule mu kimya. Hakikubaki kitu, hakikuzidi kitu.

Mutungaji aliandika mapigo ine. Wewe njo uliniambia. Mu mapigo ine mutu hawezi kulia bwana yake. Basi ulingoja. Ulikuwa juu ya estrade na mikono juu, umesikia sauti ya mama yako, umejua ni nani amekufa, na ulingoja amalize, kwani hukujua kama mimi nilikuwa nimemufunga kinywa. Nyuma yake ukashusha mikono na ukaendelea mpaka noti ya mwisho. Na mu barua uliniandikia: mwambie sikujua. Nilimwambia, Yaya. Kwa kinywa changu.

Mama alikunja kikwembe, akachukua kapo, akaifungua foulard yangu na kuniregeshea. Alisema, si kwangu, kwa dada za Papa: "Sasa njo amekwenda. Twende." Chakula alikiacha kwa Maman Rosalie wakati wa kupita.

Emérence


Bruxelles, tarehe 19 Februari 1958

Emérence,

Ndiyo. Nilisikia. Nilijua sauti ya Mama mbele haijamaliza kutoka. Mikono ilianza kushuka yenyewe. Nikatazama chini nisione watu, nikaona estrade, na misumari vile Papa aliizamisha ili isikwaruze viatu vyangu. Nikafikiri: Papa akishakufa, amekufa, disque njo kitu kimoja kimebaki cha kumupa. Hivyo nilifikiri. Ama nilifikiri bourse. Nimejiuliza mara mingi, ninapata jibu mbili na zote zina sauti yangu.

Kuhusu kukata. Monsieur Lucien hakutaka kukata, hii ni kweli. Alikipenda kile kilio. Alinionesha vile wataandika nyuma ya pochette, bahasha ya disque: "Mu kimya hiki musikilizaji atasikia kilio cha furaha cha mwanamuke wa kijiji." Furaha, Emérence. Nilikuwa na namna ya kusema: hapana, Monsieur, ni mama yangu, baba yangu alikuwa anakufa nyuma ya ukuta. Lakini wangeniuliza: na wewe, ulifanya nini? Nikasema: kateni. Niliomba tu waache urefu. Hawakuuliza sababu. Kiisha gazeti ikasifu ule urefu, na watu wakaja kunishika mukono juu yake, na niliwapa mukono.

Wamenipa bourse. Miaka tatu.

Niandikie, hata matusi.

Adalbert


Bukavu, tarehe 16 Machi 1958

Yaya,

Matusi sina. Nilitafuta.

Mama iko Nyantende. Ninakwenda kila Jumapili, ananipa chakula, anatazama ukuta. Barua yako nilimusomea yote, hata fasi ya furaha. Aliniuliza tu kama veste ya Papa ungali unaivaa. Nikasema sijui.

Estrade père aliniruhusu kuichukua. Iko mu nyumba, chini ya dirisha, tunaweka sufuria juu. Papa alisema kweli, haisikiki.

Wiki hii masœur directrice aliniita. Wanataka mutu wa kusimama mbele mu salle ya étude na kunyamazisha wadogo. Alisema kwa kazi hii nina zawadi. Nilikataa. Hakusikia vizuri, akauliza nimesema nini: "Comment?" Nikakataa tena, na wasichana wote mu couloir waligeuka, juu walikuwa hawajajua kama nina sauti kubwa vile.

Usinipe tena kitu cha kulinda.

Emérence